Kutoka tatu-nne-tano ya fundi hadi mikunjo ya eliptiki: mwongozo kamili wa kukokotoa kwa mkono

Siku moja nilikuwa Chanika, kwenye kiwanja cha shemeji yangu, fundi akipiga skwea ya msingi. Alichomeka mambo, akafunga kamba, akapima mita 3 upande huu na mita 4 upande ule, kisha akamwambia saidia fundi avute tepu mshazari. Ikasoma mita 5 kamili. "Kona imekaa, mwalimu," akaniambia, akahamia kona ya pili. Hapa Dar es Salaam tatu-nne-tano inajulikana hata na fundi ambaye hajawahi kusikia jina la Pythagoras.

Jioni nikaipeleka tuisheni, Temeke. Pembetatu ile ina eneo la mita za mraba 6, kwa sababu nusu ya 3 × 4 ni 6. Binti mmoja wa kidato cha nne akanyoosha mkono: "Mwalimu, ipo pembetatu mraba nyingine yenye eneo 6, ambayo pande zake zote zinaandikika kama sehemu?"

Ipo. Pande zake ni 7/10, 120/7 na 1201/70. Zidisha 7/10 kwa 120/7 utapata 12, nusu yake 6. Huwezi kuiokota hiyo kwa kubahatisha. Inapatikana kwa kitu kinachoitwa mkunjo wa eliptiki, mojawapo ya vitu vya kwanza ambavyo mtu hukutana navyo akiingia kwenye jiometri ya aljebra, yaani elimu ya kuchunguza maumbo kwa kutumia milinganyo inayoyazaa. Watu wengi wanaliogopa somo hili kwa sababu vitabu vyake huanzia juu sana. Mimi nimeona kwa macho yangu vijana wa kidato cha nne wakilifanya kwa peni, na ninataka wewe pia ulifanye.

Andaa kaunta buku, karatasi ya grafu, na kikokotoo kinachotoa jibu kwa sehemu. Kila hesabu iliyo hapa ifanye mwenyewe kabla ya kusoma mstari unaofuata.

Hatua ya 1: Igeuze pembetatu iwe nukta

Ziite pande mbili za pembe mraba a na b, na mshazari c. Eneo liite n. Kwa hiyo a² + b² = c², na ab = 2n. Sasa tengeneza namba mbili mpya:

x = n(a + c)/b
y = 2n²(a + c)/b²

Kwa pembetatu ya fundi, a = 3, b = 4, c = 5, n = 6. Basi x = 6 × 8 ÷ 4 = 12, na y = 72 × 8 ÷ 16 = 36. Tumepata nukta (12, 36).

Nukta hiyo inatimiza mlinganyo y² = x³ − 36x. Hakiki: 12³ ni 1728, toa 36 × 12 ambayo ni 432, inabaki 1296, nayo ni 36². Haikutokea kwa bahati. Kwa pembetatu yoyote, c² − b² = a², hivyo x² − n² inarahisishwa kuwa 2n²a(a + c)/b². Izidishe kwa x, kisha tumia ab = 2n, utaona inalingana kabisa na y². Mlinganyo wa jumla ni y² = x³ − n²x.

Njia ya kurudi nayo ipo, na tutaihitaji:

a = (x² − n²)/y, b = 2nx/y, c = (x² + n²)/y

Ukipata alama ya hasi, iondoe, maana urefu hauna hasi. Jambo la kukumbuka ni kwamba kila nukta ya mkunjo y² = x³ − 36x yenye x na y ambazo ni namba wiano, yaani zinazoandikika kama sehemu, na y isiyo sifuri, ni pembetatu yenye eneo 6. Swali la binti yule limegeuka: badala ya kutafuta pembetatu, tunatafuta nukta.

Hatua ya 2: Chora

Kabla ya kwenda mbali, uone mkunjo wenyewe. Weka x = −6, utapata y = 0. Weka −3, utapata y² = 81, yaani y ni 9 au −9. Weka −2, y ni 8 au −8. Kwenye x = 0 unarudi sifuri. Kati ya 0 na 6 hakuna kitu, kwa sababu x³ − 36x ni hasi na hasi haina kipeuo cha pili. Kwenye x = 6 mkunjo unaibuka tena na kupanda bila kurudi, ukipita (12, 36) na (18, 72), na chini vilevile (12, −36) na (18, −72).

Mchoro wako utakuwa na vipande viwili: upande wa kushoto umbo kama yai, upande wa kulia tawi lililo wazi. Sehemu ya juu ya mhimili wa x ni kivuli cha sehemu ya chini. Ulinganifu huo ushike, tunautumia katika hatua ya 4.

Mkunjo huu si duaradufu (kwa Kiingereza ellipse), ingawa jina linafanana. Jina lilitoka kwa watu waliokuwa wakitafuta urefu wa mzingo wa duaradufu, na hesabu zao zikawaleta kwenye milinganyo ya namna hii. Mkunjo wa eliptiki, kwa umbo la kawaida, ni y² = x³ + Ax + B, ilimradi upande wa kulia usiwe na jibu linalojirudia. Masharti hayo ni ya lazima. Mlinganyo y² = x³ una ncha kali kwenye (0, 0), na y² = x³ + x² unajikata wenyewe hapohapo. Mahali pa namna hiyo huwezi kusema mstari wa kuugusa mkunjo ni upi, na kazi yetu yote inategemea mstari huo. Wetu una majibu matatu tofauti, −6, 0 na 6, kwa hiyo uko salama.

Hatua ya 3: Pitisha mstari

Hapa ndipo penye moyo wa somo, kwa hiyo tulia.

Chukua mstari y = mx + k, uuingize kwenye mkunjo:

(mx + k)² = x³ − 36x

Ukihamisha kila kitu upande mmoja unapata x³ − m²x² − … = 0. Huu ni mlinganyo wa kipeo cha tatu. Kama majibu yake ni p, q na r, basi ni sawa na (x − p)(x − q)(x − r) = 0, na ukifungua mabano, kizidishi cha x² ni −(p + q + r). Linganisha viwili hivyo:

p + q + r = m²

Yaani jumla ya x za nukta tatu ambako mstari unakutana na mkunjo ni mteremko kipeo cha pili. Ukizijua mbili, ya tatu unaipata kwa kutoa tu: r = m² − p − q. Huhitaji kutatua mlinganyo wa kipeo cha tatu. Na kama namba ulizoanza nazo ni namba wiano, jibu nalo litakuwa namba wiano, kwa sababu umejumlisha, umetoa, umezidisha na umegawanya tu. Wanafunzi wangu huwa hawaamini hadi wajaribu, kwa hiyo jaribu.

Nukta (−3, 9) na (−2, 8). Mteremko ni (8 − 9) ÷ (−2 + 3) = −1. Nukta ya tatu ina x = 1 + 3 + 2 = 6. Mstari wenyewe ni y = −x + 6, hivyo y = 0. Weka rula kwenye grafu yako: mstari unatoka kwenye yai, unashuka, unatua juu ya (6, 0) barabara.

Hatua ya 4: Kanuni ya kujumlisha nukta

Kujumlisha P na Q fanya hivi: pitisha mstari, tafuta nukta ya tatu, kisha igeuze kwenye mhimili wa x, yaani badilisha alama ya y. Jibu ndilo P + Q.

Karibu kila mwanafunzi husahau kugeuza. Usiposahau mara ya kwanza utasahau mara ya tano. Mimi huwaambia waandike neno GEUZA kwa peni nyekundu pembeni mwa daftari.

Mfano: (12, 36) + (0, 0). Mteremko ni 36 ÷ 12 = 3. x mpya ni 9 − 12 − 0 = −3. Kwenye mstari y = 3x, y ni −9. Geuza: 9. Jibu ni (−3, 9).

Mstari wima je? Nukta (12, 36) na (12, −36) zinaungwa na mstari usio na mteremko, nao haukuti nukta ya tatu kwenye karatasi. Hapa jiometri ya aljebra inatuongezea nukta moja iliyo mbali bila kikomo, tunayoiita O. Simama kwenye reli ya kati pale Pugu utazame inakokwenda: pau mbili zisizokutana zinaonekana kama zinakutana upeoni. Mistari yote ya wima inakutana O kwa namna hiyo. Kwa maandishi rasmi tunaongeza herufi ya tatu, x ikiandikwa X/Z na y ikiandikwa Y/Z, mlinganyo unakuwa Y²Z = X³ − 36XZ², na upeo ni mahali Z = 0. Ukiweka Z = 0 unabaki na X³ = 0, yaani X = 0 mara tatu. Kwa hiyo mkunjo unagusa upeo mahali pamoja tu, na O ni moja.

O inafanya kazi ya sifuri: P + O = P. Na kinyume cha (x, y) ni (x, −y).

Hatua ya 5: Nukta kujijumlisha yenyewe

Tuna nukta moja inayotokana na fundi, (12, 36). Tunataka nyingine. Tutajumlisha P + P, lakini nukta moja haitoshi kuchora mstari. Tunahitaji mstari unaougusa mkunjo hapo P, na mteremko wake.

Anayejua kalkulasi atatofautisha. Asiyejua afuate njia hii, ambayo mimi naipenda zaidi. Chukua nukta mbili tofauti za mkunjo, toa mlinganyo mmoja kutoka mwingine, uziandike tofauti kama vigawo vinavyozidishana:

(y₂ − y₁)(y₂ + y₁) = (x₂ − x₁)(x₂² + x₁x₂ + x₁² − 36)

Mteremko ni (y₂ − y₁)/(x₂ − x₁), kwa hiyo:

m = (x₁² + x₁x₂ + x₂² − 36)/(y₁ + y₂)

Sasa sogeza nukta ya pili hadi ikalie ya kwanza. Hakuna kinachogawanywa kwa sifuri, na unapata m = (3x² − 36)/(2y).

Kwa (12, 36): 3 × 144 ni 432, toa 36 ni 396, gawanya kwa 72 ni 11/2.

x mpya: 121/4 − 24 = 25/4.

y mpya, ikiwa imeshageuzwa: m(x₁ − x) − y₁ = 11/2 × 23/4 − 36 = 253/8 − 288/8 = −35/8.

Kwa hiyo 2P = (25/4, −35/8). Rudi hatua ya 1 kwa njia ya kurudi, ukitumia 35/8 chanya. x² ni 625/16, na 36 ni 576/16. Tofauti ni 49/16, igawe kwa 35/8 upate a = 7/10. Kisha b = 12 × 25/4 ÷ 35/8 = 75 × 8/35 = 120/7. Na jumla, 1201/16, gawanya kwa 35/8, c = 1201/70.

Ndiyo pembetatu niliyoitaja mwanzo. Darasani kwangu, binti aliyeuliza swali ndiye aliyemaliza wa kwanza, na alikokotoa mara mbili kwa sababu hakuamini.

Je, zinaisha? Haziishi. Kwenye mikunjo ya aina y² = x³ − n²x, nukta pekee za namba wiano zinazorudi O baada ya kujumlishwa mara kadhaa ni zile zenye y = 0, pamoja na O mwenyewe. P yetu haimo humo, kwa hiyo P, 2P, 3P na kuendelea zote ni tofauti, na pembetatu za eneo 6 hazina idadi. Namba zake zinavimba haraka mno: x ya P ni 12, ya 2P ni 25/4, ya 4P ni 1442401/19600. Ukiendelea kuongeza maradufu, urefu wa namba unakaribia kuzidishwa mara nne kila safari.

Mwaka 1922 Louis Mordell alithibitisha kwamba kwa mkunjo wowote wa eliptiki wenye vizidishi vya namba wiano, nukta zake zote za namba wiano hupatikana kutokana na nukta chache za kuanzia, kwa kujumlisha hivihivi. Chache hizo ni ngapi? Kulijua hilo kwa kila mkunjo ndiko kunakohusika na dhana ya Birch na Swinnerton-Dyer, yaani dai ambalo bado halijathibitishwa, mojawapo ya maswali saba ambayo mwaka 2000 kila moja liliwekewa zawadi ya dola milioni 1.

Hatua ya 6: Hakiki mabano

Kwa namba za kawaida, (2 + 3) + 4 ni sawa na 2 + (3 + 4), na hatufikirii mara mbili. Kwa nukta si dhahiri hata kidogo, maana kila jumla ni mstari tofauti. Jaribu kwa P = (12, 36), T = (0, 0), S = (6, 0).

Kwanza P + T, tumeshaipata: (−3, 9). Ongeza S: mteremko −1, x = 1 + 3 − 6 = −2, y kwenye mstari 8, geuza: (−2, −8).

Sasa anza na T + S. Mstari ni mhimili wenyewe, nukta ya tatu ni (−6, 0). Ongeza P: mteremko 36 ÷ 18 = 2, x = 4 + 6 − 12 = −2, y kwenye mstari 8, geuza: (−2, −8).

Zimekutana. Uthibitisho kamili unatumia ukweli huu: mikunjo miwili ya kipeo cha tatu ikikatana kwenye nukta 9, mkunjo mwingine wowote wa kipeo cha tatu unaopita kwenye 8 kati ya hizo hupita na kwenye ya 9. Nukta zenye jumla ya namna hii wanahisabati huziita kundi.

Ukiruhusu x na y ziwe namba changamani, yaani namba ambazo ndani yake hata hasi ina kipeuo cha pili, nukta zote kwa pamoja zinafanya umbo la tyubu ya tairi ya baiskeli, lenye tundu moja katikati. Yai na tawi ulivyochora ni kama mikato miwili ya tyubu hiyo.

Hatua ya 7: Peleka mkunjo kwenye wiki

Kiswahili kimeshakufundisha hesabu ya mabaki, kwa sababu siku zetu ni namba: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano ya tano, halafu Alhamisi, halafu Ijumaa, na unaanza upya. Leo ikiwa Jumamosi, siku 36 zijazo itakuwa Jumapili, kwa sababu 35 ni wiki tano kamili na inabaki 1. Katika hesabu ya saba, 36 na 1 ni kitu kimoja. Saba ni namba tasa, na hilo linaturuhusu kugawanya: 1 ÷ 2 ni 4, kwa kuwa 2 × 4 = 8, baki 1.

Mkunjo wetu unakuwa y² = x³ − x. Mabaki ya vipeo vya pili ni 0, 1, 2 na 4 tu. Pita x moja moja: kwenye 0, 1 na 6 unapata y = 0. Kwenye 2 unapata 6, kwenye 3 unapata 3, zote si vipeo vya pili, kwa hiyo hakuna nukta. Kwenye 4 unapata 4, y ni 2 au 5. Kwenye 5 unapata 1, y ni 1 au 6. Hizo ni nukta 7, na O ya nane. Miaka ya 1930 Helmut Hasse alithibitisha kwamba kwa namba tasa p, idadi hiyo haiachani na p + 1 kwa zaidi ya mara mbili ya kipeuo cha pili cha p.

Nukta ya fundi (12, 36) inakuwa (5, 1). Ijumlishe yenyewe kwa kanuni ileile: m = (75 − 1)/2 = 37, baki 2. x = 4 − 10 = −6, baki 1. y = 2 × 4 − 1 = 7, baki 0. Jibu (1, 0). Mara nyingine tena na unafika O. Usijaribu kwa 2 wala 3, maana 36 inapotea na unabaki na y² = x³ yenye ncha.

Ukibadilisha 7 kwa namba tasa yenye tarakimu 77, unapata kinacholinda ujumbe wako. Kuipata kP ni rahisi hata k iwe kubwa: 100P ni 64P + 32P + 4P, maradufu sita na jumla mbili. Lakini mtu akikuonyesha P na kP, hakuna njia ya haraka inayojulikana kwa kompyuta za leo ya kuitambua k. Neal Koblitz na Victor Miller walilipendekeza wazo hilo mwaka 1985, kila mmoja kivyake. WhatsApp inayotumiwa na wafanyabiashara wa Kariakoo kuagizia mizigo inategemea mkunjo y² = x³ + 486662x² + x, kwa hesabu ya mabaki ya 2²⁵⁵ − 19. Una x² ndani yake, kwa hiyo kanuni ya hatua ya 3 inasogea kidogo: nukta ya tatu ni m² − 486662 − p − q. Bitcoin inatumia y² = x³ + 7.

Zoezi

Fermat alithibitisha kwamba hakuna pembetatu mraba ya namba wiano yenye eneo 1. Eneo 2, 3 na 4 nazo hazina. Eneo 5 inayo. Mkunjo wako ni y² = x³ − 25x, na nukta ya kuanzia ni (−4, 6). Irudishe kwenye pembetatu: utapata 3/2, 20/3 na 41/6. Sasa ijumlishe nukta yenyewe, ukikumbuka kwamba 36 ya kwenye mteremko inakuwa 25. Mteremko utakuwa 23/12, na x mpya 1681/144. Endelea taratibu, usikadirie kwa desimali hata mara moja. Pembetatu utakayoipata ina pande 1519/492 na 4920/1519, na mshazari wake ni 3344161/747348.